Samaki wa Tanganyika ndani ya kioo: Safari ya kuwaachisha chakula hai

Kwenye maduka ya samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani, jina la Moba linajulikana kuliko wanavyofikiri wakaaji wengi wa mji huo wa jimbo la Tanganyika. Linaandikwa juu ya kioo, karibu na bei. Linamtaja samaki wa rangi ya buluu, mwenye milia myeusi na nundu kwenye paji la uso, ambaye wataalamu wanamwita Cyphotilapia gibberosa. Asili yake ni upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Wafugaji wengine huko wangali wanamwita samaki wa buluu wa Zaïre, ijapokuwa nchi iliacha jina hilo tangu mwaka wa 1997.

Samaki huyu ni mwindaji. Ziwani anakula samaki wadogo, konokono na vidudu vya majini. Akiisha kutolewa humo na kutiwa ndani ya kioo, maelfu ya kilomita mbali na kwao, anayemfuga anakuwa na swali moja kila asubuhi: leo atakula nini? Kwani samaki wawindaji wengi, hasa wangali wadogo, hawakubali upesi kitu kisichotembea. Kuna wanaokonda mpaka kufa, huku chakula kimelala chini mbele ya macho yao.

Ndiyo sababu kazi ya kuwaachisha chakula hai imekuwa ujuzi wenye heshima kati ya wafugaji. Kwa Kiswahili, mtoto anayeachishwa kunyonya tunasema ameachishwa ziwa. Kwa samaki wa Tanganyika neno hilo lina maana mbili: ameachishwa ziwa alimozaliwa, na sasa anapaswa kuachishwa pia chakula alichokipata humo.

Jambo hili si la matajiri wa ng'ambo peke yao. Mbinu zinazotumiwa kwa samaki wa kioo zinafanana sana na zile anazohitaji mfugaji wa kambale mwenye bwawa dogo huku Kivu, ambaye anaona watoto wa samaki wake wakipungua siku kwa siku bila kuona maiti hata moja.

Kutoka Uvira na Bujumbura mpaka kwenye vioo vya dunia

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha mita karibu 1,470. Linagawanywa na nchi nne: Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, na sehemu kubwa ni ya Congo na Tanzania. Aina nyingi za samaki wake hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mnamo 1946 na 1947, Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa wa ziwa hilo, na mmoja wa wataalamu wake, Max Poll, aliendelea kuwaeleza samaki wa Tanganyika kwa miaka mingi. Kuanzia miaka ya 1970, Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, alikuwa Bujumbura akituma samaki hai ng'ambo kwa ndege. Mwaka wa 1978 alitoa kitabu kuhusu samaki wa ziwa hilo ambacho wafugaji walikisoma sana.

Wengi wa samaki wanaopendwa katika biashara hiyo wanakula majani ya majini na vidudu vidogo, hao hawasumbui. Shida inaletwa na wawindaji. Kuna Altolamprologus calvus, samaki mwembamba kama sarafu iliyosimama wima, anayeingia ndani ya nyufa za mawe kutafuta uduvi na watoto wa samaki wengine. Kuna kuhe, ambaye wataalamu wanamwita Boulengerochromis microlepis, mkubwa kuliko wote wa jamii yake katika Afrika, anayeweza kupita sentimita 60. Kuna pia wale wa mto Congo na vijito vyake: mbenga mwenye meno 32 yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa, Polypterus, mwenye vipezi vingi mgongoni kama meno ya msumeno, na Tetraodon mbu, samaki anayevimba kama mpira akiogopeshwa. Jina hilo la mbu halina uhusiano wowote na mdudu anayeleta malaria.

Kwa nini anakataa kilichokufa

Samaki mwindaji hatambui chakula kwa namna mtu anavyokitambua. Kwanza anaona mwendo. Kisha anasikia mtikisiko wa maji kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, toka kichwani hadi mkiani. Baadaye ndiyo umbo na harufu. Punje kavu iliyolala juu ya mchanga haina mwendo, haina mtikisiko, na umbo lake halifanani na kitu chochote alichowahi kula. Kwake ni jiwe.

Kwa watoto wadogo sana kuna sababu nyingine, nayo iko tumboni. Samaki wa aina nyingi wanatoka katika yai wakiwa hawajakamilika. Tumbo lao halijaanza kutoa asidi na vimeng'enyo vya kusaga chakula kigumu. Kiumbe hai kidogo kina maji mengi na ni laini, kwa hiyo kinasagika kwa urahisi. Ukimpa mtoto huyo unga mkavu siku ya kwanza, anaweza kuumeza na bado akafa njaa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama mwili wake umefika wakati wa kuachishwa. Kumzoesha kunakuja baadaye.

Hata hivyo, kubadili chakula si jambo geni kwa samaki hawa. Mukeke, anayejulikana sana kwenye masoko ya Uvira na Baraka, akiwa mdogo anakula viumbe vidogo vinavyoelea majini na uduvi. Akikua ndipo anaanza kufuata makundi ya ndagala. Hivyo ziwa lenyewe linawaachisha samaki wake chakula kimoja na kuwapa kingine. Mfugaji anafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine.

Mbona wasiendelee na chakula hai?

Wafugaji wengine wanapenda kuona samaki wao wakiwinda, na wanasema hiyo ndiyo asili. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ndani ya kioo mambo yanabadilika.

Hatari ya kwanza ni magonjwa. Samaki wadogo wanaouzwa kwa bei ndogo ili waliwe mara nyingi wanafugwa kwa msongamano, katika maji mabaya. Wanaingia na ugonjwa wa madoa meupe, na minyoo ya tumbo, na vijidudu vingine ambavyo havitoki tena kwa urahisi. Ziwani mgonjwa mmoja anapotea kati ya maji mengi. Ndani ya kioo cha lita 300, ugonjwa wa mmoja ni wa wote.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Samaki fulani, kama vile samaki wa dhahabu wa mapambo, wana kimeng'enyo kinachoitwa thiaminase. Kimeng'enyo hicho kinaharibu vitamini B1. Mwindaji anayelishwa samaki hao tu, mwezi baada ya mwezi, anaweza kuonekana mnene na mwenye afya, kisha siku moja akaanza kuogelea kiupande-upande na kutetemeka. Kugandisha samaki hao hakuondoi kimeng'enyo hicho. Joto la kupika ndilo linalokiharibu.

Hatari ya tatu ni kukosekana. Anayetegemea chakula hai anapaswa kufuga wanyama wawili: yule anayempenda na yule anayeliwa. Siku duka limefungwa, ao mvua imekata barabara, samaki analala njaa. Na kuna wanaouliza pia kama ni haki kumtia samaki mdogo ndani ya kioo ambamo hana pa kukimbilia. Ziwani ndagala ana nafasi ya kuponyoka. Kwenye kioo hana.

Hatua kwa hatua

Wafugaji wenye uzoefu wanafuata kanuni moja: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwanza toka kilicho hai kwenda kilichokufa, lakini kiwe kitu kile kile. Kisha toka kizima kwenda kipande. Mwisho toka nyama kwenda punje. Anayeruka kutoka samaki hai moja kwa moja hadi punje kavu anabadili mambo matatu kwa mara moja, na samaki anakataa yote.

Kabla ya kuanza, samaki anapaswa kuwa ametulia na mwenye nyama mwilini. Aliyefika juzi kutoka safarini, mwenye tumbo lililobonyea na mgongo uliochongoka kama kisu, hafundishwi lolote. Huyo analishwa kwanza, hata kama ni kwa chakula hai. Chakula hai kilicho salama zaidi kwa wakati huo ni kile kisichobeba magonjwa ya samaki: nyungunyungu waliochimbuliwa mahali pasipotiwa dawa, viluwiluwi wa mdudu mbu, ao uduvi waliozaliwa katika maji safi ya mfugaji mwenyewe.

Akiisha kula bila woga, hatua ya kwanza inaanza. Kama alizoea uduvi hai, anapewa uduvi wawili hai, na mara moja nyuma yao uduvi wa tatu aliyekufa sasa hivi. Samaki aliye katika moto wa kuwinda hachunguzi sana. Anameza wa tatu kama alivyomeza wa kwanza. Siku zinazofuata, idadi ya wafu inaongezwa na ya wazima inapunguzwa.

Hatua ya pili ni kukipa mwendo kitu kisicho na uhai. Wengine wanatumia kibanio kirefu, wanashika kipande cha nyama ya samaki na kukitikisa taratibu mbele ya mwindaji, bila kumsogelea mno. Wengine wanakifunga kwa uzi mwembamba, kwa fundo jepesi linaloachia kipande kikivutwa, maana uzi uliomezwa unaweza kuua. Wengine wanakiachia kwenye mkondo wa maji yanayotoka katika pompu, nacho kinapeperuka kama kinachokimbia. Mwindaji anarukia mwendo, kisha ulimi wake unapata ladha. Akikitema mara ya kwanza si kosa. Wengi wanatema mara mbili tatu kabla ya kumeza.

Hatua ya tatu ni kutoka nyama hadi punje. Hapa kuna mbinu mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kulowesha punje katika maji yaliyotoka kwenye uduvi ao samaki aliyeyeyushwa, ili harufu ya zamani ibebwe na kitu kipya. Ya pili ni kutengeneza donge: nyama ya samaki na uduvi inasagwa, inachanganywa na unga wa punje, inashikamanishwa kwa jelatini, kisha inakatwa vipande vidogo. Kwa mfano, mwanzoni sehemu tatu ni nyama na moja ni unga. Baadaye zinakuwa sawa kwa sawa. Mwishoni sehemu tatu ni unga na moja ni nyama. Samaki anavuka mto bila kuona maji.

Njaa inasaidia, lakini ni kisu chenye makali pande zote mbili. Samaki kijana mwenye sentimita 15, aliyenona vizuri, anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Mtoto wa sentimita mbili hana akiba hiyo. Kwake hata siku moja ni ndefu. Kwa hiyo wadogo hawanyimwi chakula ili kulazimishwa. Wao wanapewa kipya kwanza, wakiwa na hamu, na cha zamani baadaye ili washibe. Kama tumbo linaanza kubonyea, mfugaji anarudi hatua moja nyuma na kungoja. Kurudi nyuma si kushindwa.

Msaada mwingine mkubwa ni mwalimu wa jamii yao wenyewe. Samaki wanajifunza kwa kutazama wenzao. Ukimweka mmoja aliyezoea punje kati ya wale wasiozijua, mara nyingi wivu wa chakula unafanya kazi ambayo kibanio kimeshindwa kuifanya kwa wiki nzima. Lakini mwalimu huyo asiwe mkubwa kiasi cha kuwameza wanafunzi wake.

Kila mmoja na tabia yake

Samaki wa Moba mwenye nundu ni mwepesi kati ya wawindaji. Mama yake analea mayai na watoto ndani ya mdomo kwa wiki kadhaa. Watoto wanapotoka humo wana mwili kamili na tumbo linalofanya kazi. Wengi wanapokea punje zilizosagwa kuanzia siku za kwanza, kama wanapewa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Wagumu ni wale waliovuliwa ziwani wakiwa wakubwa, kwani ziwani wanawinda mapambazuko, wakati samaki wengine wangali wazito kwa usingizi. Hao wanalishwa vizuri zaidi wakati taa imepunguzwa.

Altolamprologus calvus ni kinyume chake. Watoto wake ni wadogo sana na wanakua polepole. Miezi inapita kabla hawajafika sentimita chache. Wanahitaji vidudu hai kwa muda mrefu. Tena ni samaki wa kunyemelea: anakitazama chakula, anakizunguka, anakitazama tena. Akifugwa pamoja na wenye pupa, wanamaliza kila kitu kabla hajaamua. Kumwachisha chakula hai kunahitaji kioo chake mwenyewe, punje ndogo zinazozama taratibu, na mfugaji asiye na haraka.

Polypterus ndiye anayefurahisha wanaoanza. Macho yake ni dhaifu lakini pua yake ni kali. Anatembea chini usiku akinusa. Kwake mwendo si lazima. Kipande cha samaki kilicho na harufu kinatosha, na punje inayozama inafuata baada ya muda mfupi. Watoto wake wana matamvua yanayotokeza nje ya kichwa kama manyoya, na wakati huo wanang'atana hovyo kama wenzao wako karibu. Wanahitaji nafasi na maficho.

Tetraodon mbu analeta shida ya namna nyingine. Jina Tetraodon linamaanisha meno manne. Meno hayo yameungana kama mdomo wa kasuku, na hayaachi kukua. Ziwani na mtoni anayapunguza kwa kuvunja konokono na kombe. Anayemwachisha konokono hai na kumzoesha vyakula laini peke yake amemwokoa na njaa, lakini baada ya miezi meno yatakuwa marefu hata mdomo usifunguke. Kwake kuachishwa maana yake ni kubadili kombe hai kwa kombe zilizogandishwa, zikiwa bado na gamba lake.

Mbenga ni suala jingine kabisa. Hydrocynus goliath anaweza kupita mita moja na kufikia kilo 50. Akiwa na sentimita kumi anauzwa kama samaki wa kawaida, na anaweza kuzoezwa vipande vya samaki vinavyotupwa kwenye mkondo. Lakini hakuna kioo cha sebuleni kinachomfaa akiwa mkubwa. Kwa samaki huyo, kujua namna ya kumlisha hakutoshi kuwa sababu ya kumnunua.

Maji yanalipa deni

Chakula hai kina faida moja isiyokanushika: kisipoliwa leo kinaendelea kuishi hadi kesho. Kipande cha nyama kisipoliwa kinaoza. Katika kuoza kinatoa amonia, ambayo inaunguza matamvua ya samaki. Sumu hiyo inakuwa kali zaidi katika maji yenye alkali nyingi, na maji ya Tanganyika ni ya namna hiyo. pH yake inakaribia 9. Kosa ambalo samaki wa mto anaweza kulivumilia, wa Tanganyika linamuua.

Kwa sababu hiyo, mabaki yanaondolewa kabla ya saa moja kupita, na maji yanabadilishwa mara nyingi zaidi katika wiki za kuachisha kuliko wakati mwingine. Nyama ya ng'ombe na ya kuku haifai kuwa chakula cha kila siku, maana mafuta yake yanaganda kwenye joto la maji na samaki hawezi kuyasaga vizuri.

Akiba ya chakula nayo inataka uangalifu. Kilichogandishwa kikayeyuka kwa sababu umeme umekatika hakirudishwi tena katika frigo kwa ajili ya kesho. Punje kavu zinafungwa vizuri na kuwekwa pasipo jua wala unyevu, kwa sababu vitamini, hasa vitamini C, zinapotea mapema kuliko harufu. Mfuko mkubwa wa bei nafuu uliofunguliwa mwaka mzima unaweza kumshibisha samaki bila kumlisha.

Kambale wa bwawani: somo lile lile

Huku kwetu wengi hawana kioo chenye taa sebuleni. Lakini mwenye kufuga kambale, Clarias gariepinus, anakutana na mambo yale yale, na kwake si mchezo wa kupamba nyumba. Ni karo za shule.

Mayai ya kambale yanatotoa baada ya siku moja hivi, maji yakiwa ya joto la kutosha. Kwa siku mbili hadi tatu watoto wanaishi kwa kiini walichotoka nacho. Baada ya hapo wanataka chakula, na tumbo lao halijakamilika. Hapo ndipo wengi wanapotea. Katika vituo vya uzalishaji duniani wanapewa artemia, uduvi wadogo mno ambao mayai yao makavu, mengi yakivunwa kwenye Ziwa la Chumvi la Utah huko Marekani, yanaangua ndani ya maji ya chumvi kwa karibu saa 24. Chakula hicho ni kizuri, lakini kopo lake ni ghali na linatoka mbali.

Kuna njia iliyo karibu. Viumbe vidogo vinavyoitwa moina na dafnia vinaweza kuzalishwa katika karo ndogo la maji yaliyotiwa mbolea kidogo ya kuku, mpaka maji yageuke kijani. Vinavuliwa kwa kitambaa chembamba na kupewa watoto wa kambale wakiwa hai. Karo hilo linapaswa kutayarishwa siku kadhaa kabla ya mayai kutotolewa. Anayelianza siku watoto wanapotafuta chakula amechelewa.

Baada ya siku chache za kula chakula hai, tumbo la kambale linaanza kusaga kama la mkubwa, na kuachishwa kunaanza. Namna yake ni ileile ya samaki wa kioo: katika kila mlo unga laini wenye protini nyingi unatangulia, wakati hamu ni kubwa, kisha moina wanafuata. Siku kwa siku unga unaongezwa na moina wanapungua. Mwisho wa juma hilo wengi wanakuwa wanakula unga peke yake. Ndagala ao sambaza waliokaushwa na kusagwa vizuri ni sehemu nzuri ya unga huo, mradi wasiwe wenye mchanga mwingi ao kuvu.

Na wale wanaopungua bila maiti kuonekana? Mara nyingi wameliwa na ndugu zao. Kambale mdogo mwenye njaa anamshika mwenzake kwa mkia. Yule aliyekua upesi kuliko wengine anammeza mzima. Anayetanguliza unga anapunguza hatari hiyo, kwa sababu samaki aliyeshiba mara nyingi kwa siku, hata usiku, hatazami sana mkia wa jirani. Bado kila baada ya siku chache watoto wanapaswa kupitishwa kwenye wavu na kutenganishwa: wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo. Waliokua kupita wote wanatolewa kwanza. Wakiachwa kati ya wadogo kwa wiki moja tu, mfugaji atahesabu samaki wachache wanene mahali alipotia maelfu.